Kitenzi cha Kijerumani Hubadilika Mkiani: Namna ya Kuambisha Vitenzi vya Kawaida

Mzungumzaji wa Kiswahili huanza kujifunza Kijerumani akiwa na mtaji ambao aghalabu hajui kuwa anao. Tangu utotoni amezoea kuuchukua mzizi mmoja usiobadilika na kuuvisha viambishi, akasema ninacheza, unacheza, anacheza, tunacheza, bila kuufikiria mzizi wenyewe hata mara moja. Kijerumani nacho huvitendea hivyo hivyo vitenzi vyake vya kawaida, ila kazi ambayo Kiswahili huifanya mwanzoni mwa neno, chenyewe huifanya mwishoni. Mzizi spiel-, wenye maana ya kucheza, hubaki palepale, kisha hupokea mkia: spiele, spielst, spielt, spielen. Kinachohitajika basi ni kulihamisha sikio kutoka kichwani mwa kitenzi hadi mkiani, na hilo ni suala la mazoea kuliko la akili.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "kawaida". Wajerumani wenyewe huviita vitenzi hivi schwache Verben, yaani vitenzi dhaifu, jina lililoasisiwa na mwanaisimu Jacob Grimm katika karne ya 19, yule yule aliyekusanya ngano pamoja na nduguye Wilhelm. Kwa Grimm, kitenzi chenye nguvu ni kile kinachoweza kuonyesha wakati uliopita kwa kubadilisha irabu yake ya ndani bila kuomba msaada, kama singen (kuimba), ambacho huwa sang. Kitenzi dhaifu hakina uwezo huo, hivyo huegemea kiambishi chenye t. Mwanafunzi, kwa upande wake, ana kila sababu ya kuupenda udhaifu huo, kwa sababu kitenzi kisichobadilika ndani hukuachia jambo moja tu la kukumbuka. Tena kundi hili ndilo linaloendelea kukua: kitenzi kipya kinapozaliwa au kukopwa, karibu kila mara huingia upande wa vitenzi dhaifu. Neno googeln, lenye maana ya kutafuta kitu kwenye intaneti, lilipoingia katika kamusi ya Duden mwaka 2004 lilikuwa tayari linaambishwa kama kitenzi chochote cha kawaida: du googelst, er hat gegoogelt.

Ili kuupata mzizi, anza na umbo linaloonekana katika kamusi. Kiswahili hutaja kitenzi kwa ku- mwanzoni, na ukiiondoa unabaki na cheza. Kijerumani hukitaja kwa -en mwishoni, na ukiiondoa lernen (kujifunza) unabaki na lern-, wohnen (kuishi mahali) unabaki na wohn-, na kaufen (kununua) unabaki na kauf-. Vipo vitenzi vichache vinavyoishia kwa -n peke yake, hasa vile vya -eln na -ern kama sammeln (kukusanya) na wandern (kutembea mwendo mrefu kwa miguu), ambavyo mizizi yake ni sammel- na wander-.

Baada ya hapo, wakati uliopo hupatikana kwa kuongeza mikia ifuatayo, tukiutumia mzizi lern- kama mfano:

ich lerne – ninajifunza
du lernst – unajifunza
er, sie, es lernt – anajifunza
wir lernen – tunajifunza
ihr lernt – mnajifunza
sie, Sie lernen – wanajifunza; unajifunza au mnajifunza (kwa heshima)

Ukiitazama orodha hiyo kwa makini utaona kuwa nafsi ni sita lakini maumbo ni manne tu, kwa kuwa -t hutumika mara mbili na -en mara mbili. Hii ndiyo sababu Kijerumani hakiwezi kuacha kiwakilishi kama Kiswahili kinavyofanya. Sisi tukisema "tunajifunza" tumekwisha kumtaja mtenda, na neno "sisi" ni la kutilia mkazo tu. Mjerumani akisema lernen peke yake hajamtaja mtu yeyote, na msikilizaji atabaki akimsubiri mtenda. Kwa hiyo wir na lernen huenda pamoja daima, na kosa la kuangusha kiwakilishi ni mojawapo ya yale yanayomtambulisha haraka mwanafunzi aliyetoka katika lugha za Kibantu.

Mambo mawili katika orodha hiyo hayana mfano katika Kiswahili. La kwanza ni kwamba kiambishi chetu a- kinatosha kwa mwanamume na mwanamke, ilhali Kijerumani hudai er, sie au es. Jambo la kufurahisha ni kwamba uchaguzi huo haugusi kitenzi hata kidogo, kwani vyote vitatu huchukua -t. La pili ni Sie yenye herufi kubwa, inayotumiwa kumwambia mtu usiyezoeana naye. Kwa maana yake inamhusu msikilizaji, lakini kwa umbo lake hufuata "wao", na hivyo Lernen Sie Deutsch? ni swali kwa mtu mmoja mzima anayeheshimiwa. Katika maandishi herufi kubwa hukuokoa, isipokuwa mwanzoni mwa sentensi. Katika mazungumzo mkia ndio hutofautisha sie lernt (yeye, mwanamke, anajifunza) na sie lernen (wao wanajifunza), na baina ya "wao" na "wewe" wa heshima ni muktadha pekee unaoamua.

Hapa inafaa nisimame kidogo kwenye matamshi, kwa sababu mkia usiosikika ni sawa na mkia usiokuwepo. Kiswahili hupenda silabi iishie kwa irabu, ndiyo maana tukasema benki na kilabu, na ulimi uliolelewa hivyo hutaka kusema "lernisti" au kuumeza mwisho wote ukabaki "lern". Yote mawili huharibu maana, kwani irabu iliyozidi huweza kugeuza nafsi au hata wakati, na mkia uliomezwa humfanya msikilizaji asijue anayezungumziwa ni nani. Chukua neno spielst: mwanzo wake hutamkwa "shp", lakini st ya mwisho hubaki "st" tupu, haiwi "sht". Chukua tena fragst kutoka fragen (kuuliza): g ikikutana na s au t mwishoni hupoteza mlio wake ikasikika kama k, na vivyo hivyo b ya lebst (unaishi, uko hai) husikika kama p. Mimi mwenyewe nilipata nafuu nilipoanza kuyatamka maneno haya polepole nikianzia nyuma: st, bst, lebst. Ni zoezi la kitoto, lakini lilinifaa kuliko saa nyingi za kusoma kanuni.

Mzizi wenyewe nao hudai marekebisho pale mkia unapougonga vibaya. Ukiuchukua mzizi arbeit- wa arbeiten (kufanya kazi) na kuuongezea -t, utapata t mbili ambazo sikio haliwezi kuzitenganisha. Kijerumani hutatua tatizo hilo kwa kupenyeza e katikati: du arbeitest, er arbeitet, ihr arbeitet. Ndivyo ilivyo kwa mizizi yote inayoishia kwa t au d, kama warten (kusubiri), antworten (kujibu), kosten (kugharimu) na reden (kuongea). Irabu hiyo hiyo hupenyezwa pia mzizi unapoishia kwa m au n iliyotanguliwa na konsonanti ngumu kuunganishwa nayo, kama öffnen (kufungua), atmen (kupumua), rechnen (kupiga hesabu) na regnen (kunyesha), ambavyo hutoa du öffnest, er atmet, sie rechnet, es regnet. Lakini ikiwa konsonanti iliyotangulia ni l au r, au ni h isiyotamkwa, hakuna kinachokwama na e haihitajiki, na ndiyo maana tulisema du lernst, tunasema du wohnst, na kutoka filmen (kupiga filamu) tunapata du filmst. Badala ya kukariri orodha, jaribu kulitamka umbo lisilo na e. Likikataa kutoka kinywani, e inahitajika.

Mizizi inayoishia kwa s, ß, z au x huenda kinyume, kwa kupunguza. Tayari ina sauti ya s, hivyo mkia wa du huacha s yake na kubaki -t: du tanzt (unacheza dansi), du grüßt (unasalimia), du reist (unasafiri). Matokeo yake ni kwamba du reist, er reist na ihr reist hufanana kabisa, na kiwakilishi hubeba mzigo wote. Kwa upande wa -eln, e ya ndani huangushwa katika nafsi ya kwanza, kwa hiyo ni ich sammle na ich google. Kwa -ern hubakizwa mara nyingi, yaani ich wandere, ingawa ich wandre pia husikika. Katika wir na sie vitenzi hivi huongeza -n tu: wir sammeln, sie wandern.

Jambo moja ambalo vitenzi vya kawaida havifanyi ni kubadilisha irabu ya ndani. Mwanafunzi akishakutana na fahren (kusafiri kwa chombo), ambacho ni kitenzi chenye nguvu na huwa du fährst, huanza kuweka nukta mbili juu ya kila a anayoiona. Akiwa na sagen (kusema), akaandika du sägst, programu ya kusahihisha tahajia haitamwonya, kwa sababu neno hilo lipo: linatoka sägen, kukata kwa msumeno, ambacho nacho ni kitenzi cha kawaida. Sentensi aliyokusudia kuwa "unasema ukweli" itakuwa imegeuka "unaupasua ukweli kwa msumeno".

Umbo likishakuwa sahihi, liweke mahali pake. Katika sentensi ya kawaida ya taarifa kitenzi kilichoambishwa hukaa nafasi ya pili, hata kama sentensi imeanza kwa neno jingine: Ich lerne heute Deutsch, lakini Heute lerne ich Deutsch. Katika swali la ndiyo au hapana hutangulia: Lernst du Deutsch? Wakati uliopo huu mmoja hubeba maana za ninajifunza, hujifunza na hata nitajifunza kesho, kwani Morgen lerne ich ni njia ya kila siku ya kuzungumzia mambo yajayo. Hubeba pia jambo lililoanza zamani na linaloendelea, kama Ich wohne seit 2019 in Berlin, yaani naishi Berlin tangu 2019 na bado nipo. Ukanushi nao ni zawadi. Sisi tunapokanusha "ninacheza" tunakivunja kitenzi chote hadi kiwe "sichezi", kiambishi kikabadilika na irabu ya mwisho ikabadilika. Mjerumani hukiacha kama kilivyo na kuongeza nicht: ich spiele, ich spiele nicht.

Sasa wakati uliopita, ambako ile t ya vitenzi dhaifu hujitokeza. Umbo la kwanza, liitwalo Präteritum, huweka -te- baada ya mzizi na kisha mkia wa nafsi: ich spielte, du spieltest, er spielte, wir spielten, ihr spieltet, sie spielten. Angalia nafsi ya tatu umoja: haina -t ya ziada, bali hufanana kabisa na nafsi ya kwanza. Wengi huandika "er spieltet" kwa kuivuta -t ya wakati uliopo, na sentensi hiyo huchanganya "yeye" na "nyinyi". Mizizi iliyodai e hapo juu huidai hapa pia, na katika nafsi zote: ich arbeitete, wir warteten, es regnete. Hapa kigugumizi ni cha kawaida, nawe husiti peke yako. Hesabu silabi za ar-bei-te-te kwa vidole, zikiwa nne umefika.

Umbo la pili, Perfekt, ndilo utakalolisikia zaidi katika mazungumzo, hasa kusini mwa Ujerumani, Austria na Uswisi, ambako Präteritum ya vitenzi vya kawaida husikika kwa nadra nje ya maandishi. Huundwa kwa kitenzi kisaidizi kinachokaa nafasi ya pili na umbo la kitendo kilichotimia linalokaa mwishoni mwa sentensi. Umbo hilo hupatikana kwa kuuzungushia mzizi ge- mbele na -t nyuma: gespielt, gelernt, gekauft, na kwa mizizi ya t au d, gearbeitet, geredet. Kisaidizi mara nyingi ni haben (kuwa na), ambacho chenyewe kina kasoro mbili za kukariri, du hast na er hat: Ich habe gestern Brot gekauft, nilinunua mkate jana. Vitenzi vya kuhama kutoka mahali hadi mahali au kubadilika hali huchukua sein (kuwa), ambacho maumbo yake ni kama bin na ist: ich bin gereist, sie ist gewandert, das Flugzeug ist gelandet (ndege imetua), ich bin aufgewacht (nimeamka). Na passieren (kutokea) huchukua sein pia, kwa hiyo ukitaka kuuliza kumetokea nini, sema Was ist passiert?

Mfano huo wa mwisho hauna ge-, wala si bahati mbaya. Vitabu vingi hutoa orodha mbili za kukariri: vitenzi vya -ieren havichukui ge-, na vitenzi vyenye viambishi awali be-, emp-, ent-, er-, ge-, miss-, ver- na zer- havichukui pia. Orodha hizo ni za kweli, lakini chini yake ipo kanuni moja ambayo ningependa ningeijua mapema: ge- huja pale tu ambapo mkazo wa kitenzi uko kwenye silabi ya kwanza. Lernen ina mkazo mwanzoni, ikawa gelernt. Studieren ina mkazo kwenye ie, ikawa studiert. Besuchen (kutembelea) ina mkazo kwenye su, ikawa besucht. Verkaufen (kuuza) ikawa verkauft. Erklären (kueleza) ikawa erklärt. Kwa mtu ambaye lugha yake huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila wakati, kusikiliza mkazo unaohamahama ni kazi mpya, lakini faida yake huonekana papo hapo. Ushahidi ulio bora ni übersetzen, neno linaloandikwa namna moja na kuwa vitenzi viwili. Mkazo ukiwa kwenye setz, maana yake ni kutafsiri, na umbo lake ni übersetzt. Mkazo ukiwa kwenye ü, maana yake ni kuvuka au kuvusha maji kwa chombo, na umbo lake ni übergesetzt.

Mfano huo wa pili umefungua mlango wa vitenzi vinavyotengana. Einkaufen (kufanya ununuzi) hukatika vipande viwili katika wakati uliopo, kipande kidogo kikatupwa mwishoni: Ich kaufe heute ein. Katika Perfekt vipande hurudiana, ge- ikiingia katikati: eingekauft. Mkia hubakia ule ule, na kinachoambishwa ni kaufen tuliyokwisha kuizoea.

Onyo moja kwa wanaotafsiri kichwani: usiifanye -me- kuwa Perfekt na -li- kuwa Präteritum. Ulinganisho huo unavutia, lakini unadanganya, kwa kuwa Gestern habe ich gekocht ni "jana nilipika" bila kosa lolote, ilhali sisi hatusemi "jana nimepika". Katika Kijerumani tofauti ya maumbo haya mawili huhusu zaidi kama unazungumza au unaandika masimulizi kuliko kama jambo limekamilika.

Wakati ujao hauna ugumu: kitenzi kisaidizi werden huambishwa, kitenzi chako hurudi umbo la kamusi na kwenda mwishoni, Ich werde morgen arbeiten. Amri nazo ni nyepesi. Kwa mtu mmoja unayezoeana naye tumia mzizi mtupu, Lern!, au Lerne!; mzizi unaodai e lazima uipate, Warte!, Öffne!; kwa wengi ongeza -t, Lernt!, jinsi sisi tunavyogeuza jifunze kuwa jifunzeni. Na kwa heshima, Lernen Sie!

Kwa mazoezi, kila kitenzi kipya kiandike kwa maumbo matatu pamoja na kisaidizi chake, kisha kitembeze kwa sauti katika nafsi zote kikiwa ndani ya sentensi, kwa sababu vitenzi vilivyokaririwa vikiwa vitupu huwa havitokei vinapohitajika. Tuseme umepata aufmachen, kufungua. Andika: er macht auf, er machte auf, er hat aufgemacht. Kisha chukua mlango, die Tür, na uanze: ich mache die Tür auf, du machst die Tür auf, sie macht die Tür auf. Ukifika ihr macht die Tür auf bila kusita, geuza iwe swali, Macht ihr die Tür auf?, halafu ikanushe, halafu ipeleke jana: Gestern habt ihr die Tür nicht aufgemacht. Ukikwama, rudi kwenye sentensi ya mwisho uliyoitamka bila kosa, uanzie hapo tena.